Skripti ya Vita Kutoka Kilosa: Nani Atainunua?

Kijana wa Kilosa au Mikumi aliyeandika skripti kuhusu watu walionusurika vitani hupewa ushauri unaogongana. Mmoja atamwambia kwamba vita haviandikwi na mtu ambaye jina lake halijawahi kupita kwenye kioo. Aanze na mapenzi na ugomvi wa mirathi, vita vitasubiri. Mwingine atamwonya asimwonyeshe mtu, itaibwa. Wa tatu atamwelekeza kwa wafadhili wa Ulaya kwa madai kwamba hapa nchini hakuna fedha ya filamu ya namna hiyo, na wa nne atamshauri aigeuze riwaya. Kila mmoja ana chembe ya ukweli mkononi, na ndiyo sababu mkanganyiko hauishi. Wote wanajibu swali la nani apelekewe skripti, ilhali swali linalotangulia ni skripti ya namna gani mwandishi asiye na filamu hata moja anaweza kuinadi akasikilizwa. Namna bora ya kulijibu ni kuvichukua vita vilivyopita hapo hapo Kilosa na kuona vinamruhusu mwandishi kufanya nini.

Vita vilivyoteremka na reli

Agosti 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Jenerali Jacob van Deventer wa Afrika Kusini, yakipigana upande wa Uingereza, yaliteremka kutoka Dodoma na Mpwapwa yakifuata Reli ya Kati na bonde la Mto Mkondoa. Tarehe 22 mwezi huo Kilosa ilitwaliwa, na siku nne baadaye Morogoro ikafuata. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hakukubali pambano la kumaliza mambo. Watu wake walivunja madaraja ya reli na kurudi nyuma kusini, nao waliowafuata wakasukuma kupitia Kidodi kuelekea Mto Ruaha Mkuu. Farasi wa Afrika Kusini walikufa kwa maelfu kwa magonjwa, yakiwamo yale yanayoenezwa na mbung'o. Reli ilikuwa imekatwa, wanyama wa mizigo wamekwisha, na barabara za magari hazikuwapo. Kilichobaki ni vichwa na mabega ya watu.

Hapo ndipo vita hivi vinapokuwa vyetu. Kwa ujumla wa kampeni ya Afrika Mashariki, upande wa Uingereza peke yake uliwatumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na kumbukumbu zake rasmi zilihesabu vifo zaidi ya 95,000. Wanahistoria wengi huamini idadi halisi ni kubwa zaidi. Wajerumani nao walichukua watu vijijini bila hesabu ya maana. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 25 hivi, akapewa posho ya unga wa mahindi ambayo mara nyingi ilipunguzwa njiani. Waliozoea ndizi au mchele, wakilishwa ugali usioiva kwa sababu kuni zimelowa na msafara hausubiri, waliharisha mpaka wakafa. Wengi wa waliokufa waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa. Risasi iliwapata wachache.

Wale waliobaki nyumbani hawakusalimika. Magharibi ya Kilosa, kule Ugogo, ng'ombe na nafaka vilichukuliwa na Wajerumani kisha na Waingereza, vijana wakachukuliwa upagazi, na mvua ziliposhindwa hapakuwa na akiba wala nguvukazi. Njaa hiyo ya kuanzia 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, inakadiriwa kuua watu 30,000, yaani kama mtu mmoja kati ya watano wa Ugogo. Mwishoni mwa 1918 ikaja homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, lakini kwa mama wa kijijini aliyebaki na ghala tupu tarehe hiyo haikumaliza chochote.

Namna vita hivi vilivyokumbukwa ni sehemu ya tatizo la mwandishi wetu. Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inamwonyesha mtu mmoja na bunduki yenye singe. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Sinema nayo ilifuata mkondo huo. Filamu ya The African Queen ya mwaka 1951, ambayo hadithi yake inatokea katika koloni la Wajerumani lililokuwa hapa, iliwafanya Mzungu mwenye boti na dada wa mmisionari kuwa ndio wanaonusurika. Mtu akisikia filamu ya vita, akili yake inakimbilia bunduki, sare na afisa mwenye ramani, naye mwandishi kijana huiandika hiyo hiyo bila kujua kwamba ameazima macho ya watu wengine.

Bajeti inavyomfunga mwandishi

Mtayarishaji anayepokea skripti kutoka kwa mtu asiyemfahamu huisoma kwa kuhesabu. Anahesabu waigizaji, siku za kupiga picha, mavazi, magari, vibali, usiku. Filamu nyingi za Bongo zilizoea kupigwa kwa siku chache, ndani ya nyumba moja au mbili, kwa nguo ambazo waigizaji walikuja nazo. Skripti inayofungua kwa treni la mwaka 1916 likivuka daraja linalolipuliwa, huku askari mia mbili wakikimbia, imejikataa yenyewe katika ukurasa wa kwanza. Ubora wa uandishi hauulizwi tena. Mwandishi mwenye jina anaweza kuitiwa mkutano ili mambo hayo yapunguzwe. Asiye na jina hapigiwi simu.

Sababu ya pili inahusu imani. Filamu ya kihistoria humdai mtayarishaji fedha kabla hajaona chochote: sare zishonwe, vyombo vya zamani vitafutwe, wataalamu walipwe. Kazi iliyotangulia ndiyo dhamana ya kwamba fedha hizo hazitapotea, na huyu hana kazi iliyotangulia. Tena soko letu la televisheni limejengwa juu ya tamthilia za leo, zenye sebule, ofisi na hospitali, kwa kuwa ndizo zinazoweza kutolewa kipindi baada ya kipindi. Hilo ni matokeo ya uchumi wa uzalishaji. Ni makosa kulichukua kama ushahidi kwamba watazamaji wa Tanzania hawaitaki historia yao, maana hawajapewa ya kutosha ili tuweze kusema hivyo.

Njia zinazoshauriwa

Njia ya kwanza ni ya filamu kubwa yenye mkono wa serikali au wa mataifa kadhaa. Wanaoitetea hutaja Camp de Thiaroye ya mwaka 1988, filamu ya Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow kuhusu askari Waafrika waliouawa na jeshi la Ufaransa nje ya Dakar mwaka 1944. Ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Senegal, Algeria na Tunisia, bila kuitegemea Ufaransa. Ni mfano wa kujivunia, na unathibitisha kwamba Afrika inaweza kulipia kumbukumbu yake. Ila Sembène wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka 20 ya filamu nyuma yake. Mwandishi wa Mikumi akiufuata mfano huo atajikuta akiandika barua kwa wizara na taasisi ambazo hazina fungu la kununua skripti ghafi, na miaka itapita akingoja majibu. Njia hii inamfaa mtu mwingine, au yeye mwenyewe baada ya miaka 15.

Njia ya pili ni kuipeleka skripti moja kwa moja sokoni Dar es Salaam, kwa kampuni za filamu na vituo vya televisheni. Uzuri wake ni kasi na ukaribu: lugha ni moja, hakuna fomu za kigeni, na mwandishi hujifunza kazi kwa kuifanya. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye malipo na haki. Enzi za DVD ziliacha mazoea ya kulipa kwa mkupuo na kuchukua haki zote, na mwandishi mgeni aliyebanwa na nauli na kodi ni rahisi kukubali chochote. Hatari nyingine ni ya kazi yenyewe. Hadithi ya wapagazi ikiingia kwenye mashine iliyozoea sebule inaweza kutoka ikiwa hadithi ya wapenzi wawili wanaotenganishwa na afisa mbaya, na vita vimebaki kuwa pazia la nyuma.

Njia ya tatu ni mifuko na warsha za kimataifa. Hubert Bals Fund ya Rotterdam husaidia uendelezaji wa skripti. World Cinema Fund ya Berlin, iliyoanzishwa 2004, husaidia utayarishaji na huhitaji mshirika wa Ujerumani. Durban FilmMart huwakutanisha watayarishaji wa bara hili na wenye fedha. Kwa hadithi ya 1916 mlango wa Ujerumani uko wazi kuliko ilivyokuwa zamani: Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba radhi mjini Songea kwa ukatili wa enzi za ukoloni, na mwaka uliofuata The Empty Grave, filamu ya hali halisi ya Cece Mlay wa Tanzania na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani kuhusu mabaki ya mababu yaliyopelekwa Ulaya, ilionyeshwa katika tamasha la Berlin. Mifuko hii huheshimu hadithi yenye mizizi. Lakini karibu yote humtaka mwandishi aje na mwongozaji na mtayarishaji, na maombi huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Mtu aliyekaa peke yake na kurasa 110 hana anachoambatanisha.

Njia ya nne, ya kuigeuza hadithi kuwa kitu kingine kwanza, hudharauliwa bila haki. Vuta N'Kuvute ya Adam Shafi ilitoka kama riwaya mwaka 1999, na Amil Shivji akaifanya filamu iliyofika Toronto mwaka 2021. Ni miaka 22, na hakuna mwandishi anayeweza kuipangia maisha subira ya namna hiyo. Hata hivyo riwaya iliweza kuishi peke yake muda wote huo, ikisomwa, wakati skripti isiyopigwa picha haisomwi na mtu. Filamu fupi ni jamaa wa karibu wa njia hii. Netflix na UNESCO walipoendesha shindano la ngano za Kiafrika lililotangazwa 2021, walipokea maombi zaidi ya 2,000 kutoka nchi 13. Waliochaguliwa walikuwa sita, na Mtanzania Walt Mzengi Corey akawa mmoja wao kwa filamu fupi ya Katope, kila mmoja akipewa dola 75,000 za kutengeneza na 25,000 zake mwenyewe. Lilikuwa dirisha la mara moja. Lilionyesha hata hivyo kwamba ufupi humfungulia mlango mtu ambaye bado hajaaminiwa kupewa filamu ndefu.

Ukweli na ufinyu wa fedha vinapokutana

Ukizipima njia hizi kwa swali la nani apelekewe, hakuna inayoshinda. Ukianza na skripti yenyewe, mambo yanabadilika. Rudi kwenye yale yaliyowaua watu kati ya Kilosa na Ruaha: njaa, maji machafu, kutembea, homa, kuchukuliwa na jeshi moja kisha kuchukuliwa na lingine. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji treni au mizinga. Vinahitaji watu wachache, njia, mto, msitu wa miombo na gunia. Gharama kubwa ya filamu ya vita iko kwenye mapigano, nayo mapigano yalikuwa sehemu ndogo ya mateso ya vita hivi. Kwa mwandishi wa Kilosa, skripti ya bei nafuu ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Ni bahati isiyopatikana katika kila vita, na naona ni kosa kubwa kuitupa.

Tuiangalie kwa karibu. Tuseme hadithi inasimuliwa hivi: Septemba 1916, wapagazi watatu waliotoroka Wajerumani na mama mmoja wa kijiji kilichochomwa wamekwama kati ya Kilosa na Kidodi na gunia moja la unga, jeshi waliloliacha likiwakamata litawanyonga, na jeshi linalokuja likiwakuta litawabebesha mzigo upya. Waigizaji ni wanne, askari huonekana kwa mbali au husikika tu. Sini ya kwanza inaweza kuwa hii: mpagazi anafungua gunia, anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kuutoa ukiwa na unga uliolowa, umeanza kuvunda. Hasemi kitu. Mwenzake anauliza kama na upande wa chini umelowa. Mama anauchukua ule wa juu, anaupepeta kwenye kanga yake, anaanza kutenga mkavu na uliooza, na tunaona mafungu ambayo hayatoshi watu wanne. Sini hiyo haihitaji hata dakika mbili wala fedha ya maana, lakini mtayarishaji akiisoma ameshajua nani anaongoza, nani ataiba, na kwamba mwandishi huyu anajua kazi.

Mazingira nayo yanasaidia. Bonde la Mkondoa lipo, reli ya zamani ipo pembeni ya ile mpya ya SGR inayopita kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa, na tambarare za Mkata ziko karibu. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi kupiga picha hudai kibali cha TANAPA na ada yake, kwa hiyo skripti yenye busara huandikwa kwa ajili ya pori la nje ya mipaka ya hifadhi, ambako miti ni ile ile. Tembo anayepita kwenye sini ni gharama na hatari. Nyayo zake kwenye tope zinatosha. Mwandishi anayeishi hapo anajua ni mwezi gani mto unafurika na ni mwezi gani nyasi zinachomwa, na maarifa hayo yanafaa kuonekana kwenye kurasa, kwa sababu mshindani wake wa Dar es Salaam au Berlin hana.

Pingamizi

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuibana hadithi kiasi hiki ni kuidhalilisha: mauti ya watu laki moja yanawezaje kukaa kwenye gunia moja? Ninaichukulia hoja hii kwa uzito, kwa sababu ipo hatari ya kugeuza maafa ya umma kuwa kisa cha watu wanne wenye bahati mbaya. Kinga yake ni kuandika chanzo ndani ya kisa. Ng'ombe waliochukuliwa, stakabadhi ya Kijerumani ambayo Mwingereza haitambui, orodha ya majina ambayo karani anaisoma vibaya: vitu hivyo vinauleta mfumo wote kwenye sini bila jeshi kuonekana. Filamu inayohesabu maiti elfu kwenye uwanja mpana huwaacha bila majina kwa mara ya pili.

Wengine husema watazamaji wetu wanataka mapambano. Watazamaji wanataka wasiwasi wa kujua nani atafika, na kuvuka mto uliofurika huku homa ikipanda kunautosheleza. Wapo pia wasemao hivi vilikuwa vita vya Wazungu, havituhusu. Jibu liko Kariakoo, mtaa uliobeba hadi leo jina la kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi pale. Jiji zima linalitaja jina hilo kila siku.

Kuhusu wizi, woga una sababu, ila mara nyingi unaelekezwa pasipo. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 hailindi wazo tupu. Hulinda kazi iliyoandikwa. Mtu yeyote anaweza kutengeneza filamu ya wapagazi wa 1916, na kuificha skripti kabatini hakumzuii. Kinachomlinda mwandishi ni kuwa na skripti kamili yenye tarehe, kuisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, kuituma kwa barua pepe inayobaki na kumbukumbu, na kumsimulia mtayarishaji muhtasari kabla ya kumpa kurasa zote. Mwandishi asiyefahamika anapoteza zaidi kwa kutosomwa kuliko kwa kuibiwa.

Kinachowekwa mezani

Kwa hiyo mpangilio ninaoutetea unaanzia nyumbani. Skripti ndefu iandikwe mpaka mwisho, kwa Kiswahili, isizidi kurasa 90. Kutoka ndani yake itolewe sini moja, kama ile ya gunia, ipigwe kuwa filamu fupi ya dakika 8 au 10 na mwongozaji kijana ambaye naye anatafuta kazi ya kuonyesha. Kibali cha Bodi ya Filamu kiombwe mapema, maana Sheria Na. 4 ya 1976 inataka skripti ipite huko kabla ya kamera kufunguliwa. Filamu hiyo fupi ipelekwe ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, na matamasha mengine. Sasa mwandishi hayuko peke yake: ana mwongozaji, ana kitu kinachotazamika, na mifuko ya Rotterdam na Berlin ina cha kusoma skripti ikitafsiriwa. Mtayarishaji wa Dar es Salaam naye huona kwa macho yake kwamba vita vinaweza kupigwa picha bila treni. Ubaya wa mpangilio huu ni muda, pengine miaka miwili au mitatu bila malipo, na si kila mtu ana shamba au duka la kumweka mjini muda wote huo. Kwa mwenye shida ya fedha leo, kuandika vipindi vya tamthilia ya televisheni kwa mshahara huku skripti ya vita ikikua pembeni si usaliti.

Siku mtayarishaji atakaposema ndiyo, vita vya mwisho vitakuwa kwenye karatasi ya mkataba. Mwandishi mpya asiuze haki zote kwa mkupuo hata akiahidiwa kuanza kesho. Atoe haki ya kuitengeneza kwa muda maalumu, tuseme miezi 18, kwa malipo ya awali hata yakiwa madogo. Jina lake liandikwe kama mwandishi katika filamu na katika kila tangazo. Na muda ukiisha kamera hazijafunguliwa, skripti irudi kwake bila deni. Mtayarishaji mwenye nia hatakataa kifungu hicho cha kurudi. Akikikataa, mwandishi achukue kurasa zake apande basi la Mikumi, kwa kuwa filamu fupi bado ni yake na barua ya pili inaweza kwenda kwa mtu mwingine wiki hiyo hiyo.